Kengele ya Mkia

Walimwita Mkia, naye hakuchukia, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa cheo. Kila asubuhi wanawake wanne wa mtaa mmoja walipanda baiskeli zao kwenda kiwanda cha nguo, na yeye ndiye aliyekaa nyuma kabisa. Katika msafara ule, nyuma hapakuwa mahali pa mvivu wala pa aliyechelewa kuamka. Aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa masikio ya wote.

Barabara yenyewe haikuwa na huruma. Ilikuwa nyembamba, lami imeliwa kingo zote mbili, na malori ya mchanga yalipita humo mbio kana kwamba mchanga ukichelewa utaoza. Mwendesha baiskeli akigeuza shingo kila mara kutazama kinachomjia, usukani nao hugeuka, na hujikuta katikati ya barabara palepale alipokuwa akipaogopa. Ndiyo maana wakajiwekea utaratibu. Wa mbele anatazama, wa nyuma anasikiliza, na hakuna anayegeuka. Wa mbele akiona shimo ananyoosha mkono upande lilipo. Wa nyuma akisikia gari dogo anapiga kengele mara moja, yaani jibaneni. Akisikia lori au basi anapiga mara mbili, yaani tokeni barabarani wote, ingieni kwenye vumbi, maswali baadaye. Walikuwa wamekwenda hivyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuchubuka hata kiwiko kwa ajili ya gari. Kwa ajili ya mashimo walichubuka sana, lakini hilo lilikuwa kosa la Bi Mizani.

Bi Mizani alikuwa mpima nyuzi pale kiwandani, na ndiye aliyeongoza. Macho yake yalikuwa yamechoka zamani. Miwani alikuwa nayo, ila aliivaa mbele ya mizani tu, akisema barabarani inamzeesha. Kila mtu alijua kwamba haoni shimo mpaka gurudumu limeshazama, na kila mtu alinyamaza, maana Bi Mizani akikasirika hununa mpaka juma liishe. Nyuma yake alikuja Mpishi wa kantini, mama mnene wa kucheka hovyo, kapu lake limefungwa kwenye karia kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Nyuma ya Mpishi alikuja Wifi, dada wa mume wa Mkia, mkaguzi wa nguo, mwanamke mwenye mdomo mpana na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto bila kujisumbua. Halafu Mkia.

Kwa miaka yote hiyo Mkia aliwajua wenzake kwa migongo. Alimjua Bi Mizani kwa shingo iliyokakamaa, Mpishi kwa kiraka cha rangi nyingine kwenye koti la mvua, Wifi kwa fundo la kitambaa cha kichwa ambalo halikukaa katikati hata siku moja. Aliweza kutambua nani amegombana nyumbani kwa kutazama tu mabega yanavyocheza akikanyaga pedeli. Nyuso zao alizikuta kiwandani, baada ya kufunga baiskeli kwa mnyororo, na hapo kila mmoja alikuwa ameshavaa uso wa kazini.

Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, ya kike isiyo na mtalimbo, aliyoirithi kwa mama yake mdogo. Tandiko alilivisha mfuko wa plastiki wakati wa mvua. Suruali aliyovaa ndani ya sketi aliibana kwa vibanio vya kuanikia nguo ili isiliwe na mnyororo, na mara nyingi alisahau kuvitoa, akatembea navyo kiwandani mpaka mchana. Kengele yake ilikuwa ya kawaida, imepauka, na pale kidole gumba kinapokaa palikuwa pamelika na kung'aa.

Kazi yake ilikuwa kwenye ukumbi wa kufuma. Humo mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba mtu angeweza kukutukania ukoo mzima sikioni ukamshukuru. Kiwanda kiligawa vizibo vya masikio. Wengi walivipeleka nyumbani watoto wachezee. Wafumaji walizungumza kwa midomo na mikono. Walilifungua kila neno kwa mdomo, wakalitafuna polepole, na mwenzako akiwa upande wa pili wa ukumbi alilisoma kwenye midomo yako kama limeandikwa ukutani. Wifi naye alifuma humo ujanani kabla hajahamishiwa ukaguzi, na ule mtindo wa kupanua mdomo haukumtoka tena. Mkia alikaa humo muda mrefu kuliko wote, akiwinda nyuzi zilizokatika. Macho yake yalikuwa makali mno. Masikio aliyaacha yajitunze yenyewe.

Kitu cha kwanza kumtoroka kilikuwa sauti ya dainamo. Kile kichupa kinachosuguana na tairi ili taa iwake hulia kwa sauti nyembamba kama mbu, na siku moja hakikulia. Taa ilikuwa inawaka. Mkia akaipeleka baiskeli kwa fundi wa pale kona. Fundi akainua gurudumu, akalizungusha kwa mkono, akainamisha kichwa.

"Mbona inalia vizuri tu, mama. Hebu sikia."

Mkia akatazama gurudumu linavyozunguka, akatazama uso wa fundi uliotulia kama wa mtu anayesikia kitu, akasema, "Ehee, sasa imetengemaa." Akaondoka na baiskeli yake akiisukuma.

Kiwandani hakuna aliyegundua, kwani kule wote walikuwa viziwi tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka. Uso kwa uso alisoma midomo bila taabu. Taabu ilikuwa kwa mtu aliyempa mgongo, na taabu kubwa zaidi ilikuwa nyumbani, taa ikishazimwa.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa sauti ya chini, ambaye maneno yake mazuri yote aliyaweka akiba mpaka giza liingie. Tangu waoane walikuwa wakizungumza hivyo, wamelala chali, wakijadili watoto, majirani na mbao zilizopinda. Sasa giza likawa kimya. Yeye alisema, mke hakujibu, akasema tena, mke hakujibu, akageukia ukutani. Mkia akaanza kuiacha taa ikiwaka ili auone mdomo wake. Seremala akalalamika kuhusu umeme, akanyoosha mkono, akaizima. Kila mmoja akalala na yake moyoni.

Alitaka kumwambia. Lakini seremala alikuwa kaka wa Wifi, na kilichomfikia yeye kingemfikia Wifi, na kikishafika kwa Wifi kimefika kila mahali. Wangemtoa nyuma. Wangemweka katikati, baina ya Mpishi na kapu lake, apelekwe kazini kama mzigo. Mkia hakuwa na cheo kingine duniani. Kiwandani alikuwa mmoja kati ya wengi, watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa, na nyumba ilijiendea yenyewe. Ila njiani, maisha ya wanawake watatu yalikaa chini ya kidole chake gumba, na alilipenda jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alijua pia kwamba anachofanya si sawa. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwoga, na alijipa muda.

Akarudi kwa fundi akanunua kioo cha pikipiki, cha mviringo, chenye shina refu. Fundi akakifunga kwenye usukani kwa kipande cha bati na nati mbili. Wenzake walipokiona asubuhi walishangilia.

"Jamani, Mkia kaanza kujiremba njiani!" alisema Mpishi. "Ukimaliza utuazime na sisi."

"Anamtazama nani huko nyuma?" aliuliza Bi Mizani, ambaye hakuwa mtu wa utani, kwa hiyo huenda aliuliza kweli.

"Namtazama kaka yake huyu asije akanifuata," alisema Mkia, akimwonyesha Wifi kwa kidevu, na Wifi akapiga kelele za kuridhika.

Kioo kilifanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia. Barabara ilinyooka, na lori likionekana mbali kama punje ya mchele, yeye alikuwa ameshabonyeza. Kengele yenyewe hakuisikia tena; aliihisi mtetemo wake kidoleni, ikamtosha. Siku hizo alipiga mapema kuliko zamani, lori likiwa bado mbali sana, mpaka Mpishi akawa anamsifu kantini mbele za watu huku akipakua: "Mkia ana masikio ya paka. Sisi hatujasikia kitu, yeye ameshasikia." Mkia alipokea sifa hizo pamoja na chakula, akaenda kula.

Mvua ilikuja asubuhi moja kabla hawajatoka mtaani. Haikuwa mvua kubwa, ilikuwa ile ya manyunyu inayoshuka na ukungu, inayolowesha bila kelele. Walivaa makoti yao. Mkia akafuta kioo kwa kiganja, kikajaa matone. Akakifuta kwa upindo wa sketi, kikajaa ukungu. Pale njia panda, kabla ya kuingia barabara kubwa, msafara ulisimama Bi Mizani afunge kofia ya koti, na Mkia akafungua mdomo kusema. Maneno alikuwa nayo. Leo Wifi akae nyuma, mimi macho hayaoni vizuri. Angeweza kusingizia macho tu, wala si masikio, na hakuna ambaye angeuliza.

"Mvua hii!" alisema.

"Acha tu," walisema wenzake, wakaingia barabarani.

Walikwenda vizuri mpaka wakavuka daraja. Mbele kidogo ya hapo, Mkia alihisi usukani unatetemeka mikononi, na akadhani ni lami mbovu. Kisha akaona mwanga kwenye maji ya barabarani, mbele yake, mahali ambapo mwanga haukupaswa kuwapo. Akabonyeza mara mbili kwa nguvu zake zote. Lori lilikuwa limeshafika, mngurumo wake ukaimeza sauti ya kengele. Dereva akamkwepa yeye, magurudumu yakateleza, na sehemu ya nyuma ya lori ikayumba kuelekea pembeni, ikaipiga karia ya Wifi. Wifi na baiskeli yake wakaruka pamoja, wakatua mtaroni. Kioo cha Mkia kilikunjwa mpaka kikatazama ardhi.

Lori lilisimama. Dereva akashuka, kijana mwenye kofia ya sufu. Walikuwa wameshamwinua Wifi na kumkalisha, mkono wake umekaa vibaya.

"Nyie akina mama, hamsikii?" dereva alipiga kelele. "Nimepiga honi tangu darajani!"

"Tumeisikia," alisema Bi Mizani.

"Mmeisikia?"

"Mimi lori nimelisikia hata kabla ya honi," alisema Mpishi huku machozi yanamtoka. "Nimelisikia likipanda darajani."

"Hata mimi," alisema Bi Mizani.

"Sasa kwa nini hamkutoka barabarani?"

Mpishi alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Kengele haikulia."

Dereva akawatazama mmoja mmoja, wanawake watu wazima, wamelowa chapachapa. Hakuelewa, na hakuna aliyejisumbua kumweleza. Mkia alikuwa amesimama kando ameshika usukani, na mazungumzo yote hayo aliyasoma kwenye midomo yao, neno kwa neno. Hapo ndipo alipojua kwamba kulikuwa na honi. Na alijua jambo lingine lililomfanya atake kukaa chini: lori lile walilisikia wote, wenye masikio mazima, na hakuna aliyesogea, kwa sababu yeye alinyamaza. Msafara wao ulikuwa umeongozwa na asiyeona na kufungwa na asiyesikia, na waliobaki katikati waliamini kila kitu.

Wakamgeukia.

"Kengele imeingia maji," alisema. "Nimebonyeza, haikutoa sauti."

Wakamwamini papo hapo. Kama wangebisha hata kidogo ingekuwa nafuu. Bi Mizani akamshika bega, akamwambia asijilaumu, vitu vya chuma haviaminiki. Dereva akambeba Wifi kwenye lori lake mpaka hospitali, na huko mkono ukafungwa plasta kuanzia kwapani hadi vidoleni.

Siku zilizofuata walikwenda kazini watatu. Mkia, kioo kikiwa bado kimekunjwa, aligeuza shingo kila mara na kupiga kengele kwa kila kitu: kwa lori, kwa gari, kwa mkokoteni, kwa punda, mara nyingine kwa kivuli. Walishinda kwenye vumbi. Hakuna aliyenung'unika. Mpishi alisema afadhali kuchelewa, na Bi Mizani alisema kengele hiyo mbovu inajitahidi.

Halafu wakamletea zawadi. Ilikuwa mwisho wa zamu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na yeye alikuwa anatafuta kibanio cha pili cha suruali. Bi Mizani akatoa kiboksi. Ndani yake mlikuwa na kengele mpya, kubwa, ya vikombe viwili, inang'aa hivi kwamba taa ya chumba ilionekana ndani yake.

"Hii haiingii maji," alisema Bi Mizani. "Tumemuuliza fundi mara mbili."

"Tumechanga," alisema Mpishi. "Na Wifi katoa sehemu yake, na plasta yake hivyohivyo. Kasema, mnunulieni Mkia kengele ya maana. Haya, ipige tuisikie."

Mkia akabonyeza. Wenzake wakaziba masikio kwa viganja, wakacheka, na mfagiaji aliyekuwa nje akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Mkia alitazama nyuso hizo zinazocheka. Kidoleni alihisi mtetemo. Hakusikia chochote, hata kidogo, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kutoka hapo hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Wifi, kengele ikiwa kwenye kiboksi chake ndani ya mkoba.

Wifi alikuwa ameketi sebuleni, mkono juu ya mto, anajaribu kukunja nguo kwa mkono mmoja. "Karibu, wifi yangu! Wameshakupa? Nimewaambia wasinunue ile ndogo, ile ni ya watoto."

"Kengele haikuingia maji," alisema Mkia, bado amesimama.

"Unasemaje?"

"Ile ya zamani. Haikuingia maji siku ile. Sikulisikia lori. Sisikii, wifi. Siku nyingi sasa. Hata wewe sikusikii, nakusoma mdomo. Kile kioo nilikifunga kwa ajili hiyo."

Wifi aliacha kukunja nguo. Uso wake ulibadilika polepole, na Mkia aliutazama wote, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua atakachoambiwa.

"Nililisikia lile lori," alisema Wifi. Mara hiyo hakupanua mdomo, na Mkia alilazimika kusogea ili asome. "Nililisikia tangu likiwa mbali. Masikio yangu mazima yakaniambia toka, nikayaambia nyamazeni, Mkia hajapiga. Unanielewa? Nilikuamini kuliko masikio yangu mwenyewe."

"Naelewa."

"Huelewi!"

Akainuka, akaenda dirishani, akampa mgongo. Alisema kwa muda mrefu. Mkia aliona mabega yanapanda na kushuka, aliona fundo la kitambaa limekwenda upande kama kawaida, aliona mkono mzima unarushwa hewani. Kama yalikuwa matusi, au kilio, au vyote pamoja, hakujua, na hakupata kujua hata baadaye, maana Wifi hakuyarudia na yeye hakuthubutu kuuliza. Alichojua ni kwamba Wifi alimgeuzia mgongo kwa makusudi, ili aseme yote bila kumjeruhi, au ili amwonyeshe jinsi walivyokuwa wote juu ya baiskeli. Alisimama palepale mpaka mabega yakatulia.

Wifi akageuka. Macho yalikuwa mekundu. Safari hii alifungua mdomo wazi, akatafuna kila neno, kama walivyofanya zamani katikati ya mitambo.

"Lete hiyo kengele."

Mkia akaitoa mkobani, akampa.

"Kaka yangu anajua?"

"Bado."

"Kamwambie leo. Mimi sitamwambia."

Na kwa Wifi, kukaa na habari bila kuitoa kulikuwa kazi kubwa kuliko kuvunjika mkono.

Seremala alikuwa anakula aliposikia. Mkia alikaa mbele yake, akayasema yote kwa mkupuo, tangu dainamo mpaka kengele. Mumewe akaweka kijiko chini. Akauliza, "Kwa hiyo usiku, nikiongea?"

"Sisikii kitu."

"Hata yale ya mwaka jana, yale ya..." Akasita. Alikuwa mtu wa haya.

"Hata hayo."

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani umenichoka. Nimeongea na ukuta mwaka mzima." Akaanza kucheka, kisha akaacha, kisha akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao. Tangu siku hiyo hakuzungumzia tena umeme, na taa iliachwa ikiwaka mpaka wamalize.

Plasta ilipotolewa, mkono wa Wifi ulikuwa umepinda kidogo kwenye kiwiko, na umebaki hivyo. Mpishi na Bi Mizani walikuwa wameshaelezwa. Mpishi alilia, akasamehe, akalia tena. Bi Mizani alinuna wiki mbili kamili, akafika kiwandani kwa basi, na siku aliyorudi kwenye msafara hakutoa maelezo. Mkia alikuwa amewaambia kwamba ataacha kwenda nao, atoke peke yake mapema. Wifi alimwambia aache upuuzi, akapanga msafara upya mwenyewe, kwa kupiga kelele, pale njia panda.

"Nyuma nakaa mimi. Bi Mizani mbele yangu. Halafu Mpishi. Mbele aende Mkia."

"Mbele ni kwangu," alisema Bi Mizani.

"Ni kwako, lakini nataka tusaidiane huku nyuma," alisema Wifi, na Bi Mizani, aliyependa kuambiwa kwamba anahitajika, alikubali. Kuhusu macho yake hakuna aliyesema neno. Mashimo mengi ya barabara ile yalipona gurudumu lake asubuhi hiyo.

"Na mbele atasikiaje kengele?" aliuliza Mpishi.

Wifi akanyoosha mkono wake uliopinda, akakishika kioo cha Mkia kilichokuwa kimekunjwa tangu siku ile, akakinyoosha. "Hasikii. Ataona."

Wakaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mkia kuwa na barabara tupu mbele yake, na haikumpendeza, aliona baridi kifuani, maana hapo mbele siku zote palikuwa na mgongo wa mtu. Aliyaona mashimo mbali kama alivyozoea kuona uzi uliokatika, akawa ananyoosha mkono huku na huku. Barabara iliponyooka akainua macho kwenye kioo.

Walikuwamo wote watatu. Miaka mingapi amekwenda nao, na hakuwahi kuziona nyuso zao njiani! Mpishi, akicheka, alifumba macho kabisa, juu ya baiskeli, kwenye barabara ya malori. Bi Mizani midomo ilikuwa inachezacheza bila kukoma. Alikuwa anasali, masikini, na bila shaka alikuwa akisali njia nzima miaka yote hiyo alipokuwa anawaongoza bila kuona. Mkia alishikwa na huruma, akashikwa na kicheko, na wivu pia, kwa kuwa yote hayo yalikuwa yakitokea mbele yake na yeye aliambulia migongo. Mbali kabisa, mdogo kwenye ukingo wa kioo, alikuwapo Wifi, kitambaa kimekwenda upande, kidole gumba juu ya kengele kubwa inayong'aa. Hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa anasikiliza.

Karibu na daraja kidole kile kilishuka mara mbili. Bi Mizani akatoka barabarani, Mpishi akafumbua macho akatoka, na mdomo mpana wa Wifi ukafunguka hadi mwisho, polepole, kwa namna ambayo mfumaji yeyote angeisoma kutoka upande wa pili wa ukumbi: Mkia, toka!

Mkia akaingia kwenye vumbi. Lori la mchanga likampita, upepo wake ukamvuta sketi. Alirudi kwenye lami, akaona shimo mbele, akanyoosha mkono.